Mleta mada, usitume hela ya hiyo betri ya gari

Mkuu, rudisha hiyo hela mfukoni kwanza, salamu baadaye. Umeuliza mambo matatu: betri ya mota ya boti, betri ya drili, na kama betri moja inaweza kufanya kazi zote. Mimi macho yangu yamegota pale ulipoandika kwamba muuzaji amekupigia hesabu: mota yenye nguvu ya kusukuma ya pauni 55 inakula amp 50, betri ya gari ni 100Ah (amp-saa, yaani amp mara saa), kwa hiyo una "saa mbili kamili" za kutoka Msangamkuu, huku Mtwara, kuvua nje na kurudi. Hesabu hiyohiyo niliwahi kupigiwa mimi, hapahapa Mtwara, nikaishia kuvutwa kwa kamba mchana kweupe kama mbuzi wa Idi.

Ile 100Ah kwenye kibandiko inaweza kuwa ya kweli kabisa na bado ukakwama. Betri ya maji, yaani ile ya risasi na asidi, kwa kawaida hupimwa kwa saa 20. Maana yake ukiivuta taratibu, amp 5 tu, ndiyo utapata zile 100 zote. Ukiikamua amp 50 kwa mkupuo inakata pumzi baada ya saa moja na dakika kidogo, tena hapo umeimaliza kabisa, na betri ya maji haitakiwi kushushwa chini ya nusu. Toa nusu. Unabaki na kama nusu saa ya mwendo kamili. Hiyo ndiyo "saa mbili" yake.

Na ya gari ndiyo mbaya kuliko zote. Sahani zake ni nyembamba, imetengenezwa kutoa mamia ya amp kwa sekunde chache injini iwake, halafu oltaneta inairudishia ilichotoa. Mtumbwi wako una oltaneta? Haya.

Sasa sikia yaliyonikuta. Ilikuwa bamvua, nikatoka maji yanakupwa. Kwenda raha mustarehe, maji yananisukuma, mota iko gia ya tatu tu, nikajiona nahodha. Wakati wa kurudi maji bado yanatoka kwenye mlango wa bandari, na kusi imeshaamka. Nikatia gia ya tano, ya juu kabisa. Voltimita ikaanza kushuka, mota ikabadilika sauti. Naitazama Shangani, ufuko wa nyumbani, Shangani haisogei. Baadaye ikaanza kusogea, ila inakwenda mbali. Wavuvi waliokuja kunivuta walicheka kwanza, kamba ikafuata. Mzee mmoja akaniuliza, "Mwanangu, kafi lako liko wapi?" Kafi lilikuwa nyumbani, mzee wangu, kwa sababu muuzaji aliniambia betri hii inafika Msumbiji na kurudi, bosi.

Niliendelea nayo hivyohivyo karibu karibu na ufuko, kwa ubishi wangu, mpaka ikawa haishiki chaji kabisa. Nikairudisha dukani. Mtu yuleyule, tabasamu lilelile: "Umeitumia vibaya, garantii yake ni ya gari." Wewe! Siku ya kuniuzia mota uliishika kwa mikono yako, ukaifunga nyaya mwenyewe, ukapokea hela ya mota na ya betri kwa pamoja. Leo garantii ni ya gari? Sina gari, mkuu. Ningekuwa na gari ningekuwa nahangaika na mtumbwi? Basi tu, hasira.

Kwa hiyo shika hili hata ukisahau mengine yote: betri ya boti inanunuliwa kwa hesabu ya kurudi. Chukua amp za mota kwenye gia ya juu kabisa, zidisha kwa muda utakaohitaji kurudi maji na upepo vikiwa kinyume. Ndipo ujumlishe za kwenda. Tuseme kwenda nusu saa kwa amp 25, hiyo ni 12.5Ah. Kurudi saa nzima kwa amp 50, hiyo ni 50Ah. Jumla 62.5. Kwa betri ya maji zidisha mara mbili, 125, na kwa kuwa unaikamua sana usiishie hapo, nenda 200Ah. Ni betri mbili za 100, za sola zenye sahani nene, kama kilo 60 ndani ya chombo chako. Ukiweza kupata litiamu iliyoandikwa LiFePO4, moja ya 100Ah inatosha, uzito kilo 11 hadi 13, na unaweza kuitumia asilimia 80 bila kuiua. Ila uliza bodi yake ya ulinzi, ile saketi ya ndani inayokata umeme ukizidi, inaruhusu amp ngapi. Ikiwa 50 tu, mota yako ikikaza inazima ghafla bila kukuaga. Tafuta ya 100. Fyuzi ya 60 weka karibu na betri, upande wa chanya.

Drili: 18V na ile wanayoiita 20V ni kitu kimoja. Ndani kuna seli tano mfululizo, zikijaa zinasoma 20 hadi 21, kazini ni 18. Kwa drili ya kufunga skrubu 2Ah inatosha. Kwa grainda nunua 4 au 5Ah, yenye seli kumi. Na hapo pia kuna matapeli. Seli ya kawaida ya 18650, ile ya duara inayojaa ndani ya betri hizi, haizidi kama 3.5Ah, kwa hiyo kibetri cha seli tano za aina hiyo kilichoandikwa 6Ah ni kibandiko kitupu. Seli kumi peke yake zinakaribia nusu kilo kabla ya ganda. Peleka hiyo betri pale Feri, omba mzani wa wauza pweza. Watakushangaa, waache.

Betri ya drili kuendesha mota ya boti? Hapana. 5Ah ya 18V ni wati-saa 90, na mota yako gia ya tano inakula wati 600. Dakika tisa, kwa makaratasi.

Kabla hujatuma chochote, piga picha kibandiko cha mota pale penye amp, na ubavu wa hiyo betri, uweke hapa. Na kafi nenda nalo.