Maswali ya Bustani: makangaga-miti

Barua za mwezi huu karibu zote zinauliza kuhusu makangaga-miti, yale makangaga makubwa yenye shina na mwavuli wa majani juu. Tumechagua nne.

Nilinunua shina la mita moja na nusu kwa vijana wanaouza maua kando ya barabara. Lilikatwa usawa wa ardhi, halina mizizi. Wakaniambia nilichimbie tu, litashika. Lilitoa majani mawili mazuri, sasa kichwa kimenyauka na ukikibonyeza ni laini. Nimekosea wapi? (Mama wa Nguba, Bukavu)

Mama, hukukosea kupanda. Ulichouziwa kilikuwa kimeshakufa. Yale majani mawili yalikunjuka kwa maji na wanga uliobaki ndani ya shina, akiba ikaisha, basi. Kichwa kikishakuwa laini hakiponi, maana kwa kawaida kangaga-mti lina sehemu moja tu ya kukua, pale juu katikati ya majani. Si kawaida lichipue ubavuni kama mparachichi.

Uongo huu una chanzo. Lipo kangaga la Australia, Dicksonia antarctica, ambalo shina lake limevikwa mizizi tangu chini hadi juu. Hilo ukilikata na kulichimbia, mizizi ya ubavuni huingia udongoni na linaendelea kuishi. Ushauri mwingi wa mitandaoni unahusu hilo. La milima yetu, Alsophila manniana (vitabu vya zamani huliita Cyathea manniana), ni jembamba, lina miiba myeusi, na mizizi yake inayofanya kazi iko chini. Kulikata chini ni kulikata mdomo.

Tena mengi ya mashina hayo hutolewa porini. Kung'oa mimea ndani ya Hifadhi ya Kahuzi-Biega ni marufuku, na jamii yote ya Cyathea na Alsophila imo katika Orodha ya Pili ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama wa porini, kwa hiyo hata kuvuka nalo mpaka kunahitaji kibali. Hilo shina kavu usilichome, litafaa kufungia okidi.

Safari ijayo nunua mche mdogo ulio ndani ya mfuko, wenye majani matatu au manne. Mwombe muuzaji auinamishe na kuutoa mfukoni. Ukiona mizizi myembamba ya kahawia yenye ncha za rangi hafifu imeshika udongo, lipa. Udongo ukimwagika wote, mche umechomekwa juzi, mrudishie.

Chimba shimo la upana wa sentimita 60 na kina cha 50. Udongo wa Bukavu ni mfinyanzi mzito, na shimo lenye kuta laini hutunza maji kama beseni. Kwaruza kuta kwa jembe, na kwenye mteremko fungua mfereji mdogo upande wa chini. Changanya udongo uliotoka sehemu mbili, mboji iliyooza vizuri sehemu mbili, na makaa yaliyopondwapondwa sehemu moja. Panda kwa kina kilekile cha mfukoni. Kichwa kikifunikwa na udongo huoza. Tandaza majani makavu unene wa sentimita 5 hadi 8, yasiguse shina. Kiangazi, kuanzia Juni hadi Agosti, mpe lita 10 mara tatu kwa wiki. Vaa glavu, kwa sababu miiba huchoma na magamba ya kichwani huwasha ngozi.

Kangaga langu liko juu ya lava. Kila siku nalimwagia bidoni ya lita 20, lakini majani mapya ni manjano katikati ya mishipa, na ncha zimeungua. (Papa wa Himbi, Goma)

Papa, tazama maji kabla ya kutafuta mbolea. Maji ya Goma kwa sehemu kubwa hutolewa Ziwa Kivu, na maji ya juu ya ziwa hilo yana bikaboneti nyingi, pH yake (kipimo cha uchachu: namba ikipanda, uchachu hupungua) iko karibu 9. Kangaga hupenda udongo wenye uchachu kidogo, pH ya 5 hadi 6.5. Kila bidoni inapandisha pH, madini ya chuma yanafungika udongoni, mizizi haiyapati, na jani jipya linatoka manjano. Chumvi inayobaki ndiyo inayounguza ncha. Kuongeza maji yaleyale ni kuongeza ugonjwa.

Tega maji ya mvua kwenye bati. Yale ya dakika za mwanzo yamwage, hasa volkano ya Nyiragongo inapotoa moshi mwingi, kwa kuwa yanaosha majivu na tindikali ya paani. Majivu yakiangukia majani, yatikise kwanza yakiwa makavu, kisha suuza; ukianza na maji yanaganda.

Lava nayo haishiki maji. Panua shimo hadi sentimita 80, zungushia gunia kuukuu ndani ili udongo laini usizame kwenye nyufa, tandika chini vipande vya mgomba, halafu jaza mboji na udongo mweusi. Bidoni moja ya maji ya mvua kila siku ya pili itatosha. Urea usiiguse. Samadi ya ng'ombe iliyokaa miezi sita, koleo moja kila miezi mitatu, itazungushwa mbali na shina.

Chini ya majani kumejaa vidoti vya kahawia. Nipulize dawa gani? (Msomaji, Kadutu)

Usipulize chochote kabla ya kuchunguza. Vidoti vilivyopangika safu mbili, kulia na kushoto ya mshipa wa kila kipande kidogo cha jani, ni vifuko vya mbegu-vumbi, yaani vumbi ambalo kangaga huzaana kwalo. Ni dalili kwamba kangaga limekomaa. Vilivyotawanyika ovyo, vingine kwenye kikonyo, vinavyobanduka kwa ukucha na kuacha unatounato, ni wadudu-gamba. Hao wafute kwa kitambaa na maji ya sabuni hafifu, kisha suuza. Dawa zenye mafuta huunguza makangaga.

Ukitaka kuotesha, kata kipande ambacho vidoti vimekuwa kahawia iliyoiva, kifunge ndani ya bahasha ya karatasi siku mbili tatu. Vumbi litakaloanguka linyunyize juu ya mboji iliyochekechwa na kumwagiwa maji yanayochemka, ikapoa ikiwa imefunikwa. Usilifukie, linahitaji mwanga. Funika sahani kwa plastiki, weka mahali penye mwanga bila jua. Baada ya wiki kadhaa utaona utando wa kijani, kisha vijani bapa vyenye umbo la moyo. Hapo nyunyizia maji yaliyochemshwa na kupoa, kwani mbegu ya kiume huogelea kuifuata ya kike. Pakikauka, hakuna kitakachoota. Majani halisi huja baada ya miezi, shina baada ya miaka.

Je, kangaga-mti linakubali Lubumbashi? (Msomaji, Bel-Air)

Linakubali, kwa gharama ya maji. Mvua hukatika karibu Mei mpaka Septemba, na Oktoba joto hupanda kabla mvua hazijashika. Miezi ya kiangazi jua hupita upande wa kaskazini, kwa hiyo panda kusini mwa nyumba au chini ya mwembe. Upepo mkavu unatoka kusini-mashariki, upande huo weka uzio wa mimea. Lipande mbali na mikaratusi, ambayo itakunywa kila unachomwaga.

Agosti hadi Oktoba toa lita 20 mara tatu kwa wiki, nyingine zipite juu ya shina. Majani yaliyokauka yaache yaning'inie, yanalinda shina. Tatizo la Katanga ni mchwa. Matandazo huwavuta, basi acha duara tupu la sentimita 15 kuzunguka shina na ulikague kila wiki. Ukiona njia ya udongo inapanda, ikwangue siku hiyohiyo. Kama huna kisima wala tangi, pesa hiyo nunulia makangaga madogo ya chungu, uyaweke barazani.