Kwa mliochaguliwa juzi kwenye kamati ya mfereji

Jamani mlioingia kamati za maji msimu huu, anzeni mkiani. Kabla hujagusa ratiba ya zamu za kumwagilia tembea mfereji wote mpaka shamba la mwisho, maana pale banioni, kwenye kizuizi kinachochepusha maji ya mto kuingia mferejini, maji siku zote yanaonekana mengi na ukiishia hapo utasema watu wa chini wanalalamika bure.

Alafu saa ya zamu inaanza kuhesabiwa wapi? Hapo ndo ugomvi mwingi unapozaliwa. Mfereji wa udongo ukiwa mkavu unakunywa kwanza, maji yanatambaa taratibu, sasa mtu wa chini ukimpa masaa matatu tangu geti lifunguliwe huko juu, lisaa lizima linaweza kuishia njiani, na kwa mkondo wa lita 10 kwa sekunde hilo lisaa ni lita 36,000 ambazo shamba lake halijaziona na ada kalipa kama wenzake. Hesabuni tangu maji yaguse mdomo wa shamba, au mpeni nyongeza. Kule India na Pakistan kwenye utaratibu wa warabandi zamu inakwenda kwa ukubwa wa shamba na muda wa kujaza mfereji wanaufidia kabisa, sio hisani.

Pesa mnajua, risiti kwa kila mtu na mapato yasomwe mkutanoni.

Ila hili la kujengewa banio naomba mlisikilize vizuri. Banio la mawe na matawi likibomolewa na mafuriko wa juu wanawahitaji wa chini waje na majembe, kwahiyo wanawaachia maji hata kama hawapendi. Likija la zege ule ulazima unakwisha, na wenye mashamba karibu na banio wanaanza kumwagilia wanavyojisikia. Elinor Ostrom, yule mama aliyepata Nobel ya uchumi 2009, na wenzake waliliona hili kwenye mifereji ya wakulima Nepal: miundombinu imeboreshwa lakini mkiani maji hayafiki vizuri kama kwenye ile ya kienyeji. Mimi sipingi zege hata kidogo, linaokoa kazi nyingi sana, ila mfadhili akija msikimbilie kusaini. Itisheni mkutano kwanza, masaa ya watu wa mkiani yaandikwe kwenye katiba ya chama pamoja na faini ya atakayeyaiba, na wa juu wasaini wote kabla mfuko wa kwanza wa simenti haujafunguliwa.