Barua kwa mwanangu: hata neno la kubuni lina ukoo

Mwanangu,

Unabuni lugha ya Kigermaniki, yaani ya ukoo wa Kijerumani, Kiingereza na Kiholanzi, kwa ajili ya watu wa hadithi yako, na unaniuliza kwa nini uhangaike na asili ya maneno ilhali lugha yenyewe haijawahi kusemwa na mtu. Si inatosha neno lisikike kama Kijerumani?

Kwa maneno kumi inatosha. Ukifika mia, msomaji makini ataanza kushuku, maana lugha ndugu hazifanani ovyo. Jacob Grimm, mwanaisimu wa Kijerumani, alieleza mwaka 1822 kwamba penye p ya Kilatini, Kigermaniki huwa na f: pater na father, piscis na fish. Baadaye Kijerumani kikabadilika tena peke yake, ndiyo maana Waingereza wana water, ten na apple, Wajerumani wana Wasser, zehn na Apfel. Amua kwanza kama watu wako walipitia badiliko hilo la pili, kisha usilivunje kwa kuwa neno fulani limekupendeza. Ukitaka neno liende kinyume, lipe sababu. Pfund (ratili) na Papier (karatasi) yote yalifika Ujerumani kutoka Kilatini; la kwanza liliwahi, p yake ikageuka pf, la pili likachelewa na kupona.

Usichote Kiingereza bila kuchuja pia. Face, river na mountain ni Kifaransa, matunda ya Wanormandi kutoka Ufaransa kuiteka Uingereza mwaka 1066. Kama watu wako hawakutekwa na mtu, maneno hayo wangeyapata wapi?

Ila sauti ndiyo kazi rahisi, na wabunifu wengi huishia hapo. Mimi ningekaa sana kwenye maana. Kulikuwa na neno moja la kale lililohusu uzio. Kwa Wajerumani limebaki uzio, Zaun. Waholanzi wakalihamishia kwa kilichozungushiwa, tuin, yaani bustani. Waingereza wakalikuza hadi likawa mji, town. Tier kwa Mjerumani ni mnyama yeyote. Deer ya Mwingereza imebaki kwa jamii ya kulungu tu. (Neno letu safari nalo lilipofika kwao likawa hasa la kutazama wanyama.) Gift ni zawadi kwa Mwingereza na sumu kwa Mjerumani, na mzizi ni ule ule wa kupa: aliyelishwa sumu naye kapewa kitu.

Hivyo usigawe maana kwa kamusi. Kwa Waholanzi zee ni bahari na meer ni ziwa. Kwa Wajerumani Meer ni bahari, na See, likiwa la jinsia ya kiume, ni ziwa. Watu wako wanaishi kando ya maji gani? Na dirisha waliliona kwanza kwa nani? Wanorse wa kale, watu wa Skandinavia, waliliita vindauga, jicho la upepo, na humo ndimo ilimotoka window. Wajerumani wakaazima la Kilatini, likawa Fenster.

Elias Molee, aliyechapisha Tutonish, lugha yake ya kubuni, Marekani mwaka 1902, alitaka lugha ya kuwaunganisha wasemaji wa Kigermaniki, kwa hiyo alitafuta maneno ambayo wote wangeyaelewa. Kazi yako si hiyo. Wewe unahitaji maneno ambayo jirani angeyaelewa vibaya.

Nitumie orodha yako, na kando ya kila neno uandike lilimaanisha nini kwa mababu wa watu hao.

Mama yako