Maswali ya Wasomaji: Kwa nini zabuni ya kifaru haitangazwi?

SWALI: Ndugu Mhariri, kila Bunge linapojadili bajeti ya Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa, sisi wakazi wa Dodoma hufuatilia kwa karibu. Zabuni ya kujenga choo cha shule hutangazwa, lakini sijawahi kuona tangazo la zabuni ya kifaru cha kijeshi. Serikali hununuaje kifaru kipya, na ni nani anayehakikisha kwamba bei ni ya haki?
Msomaji, Kizota, Dodoma

JIBU: Ndugu msomaji, umeuliza mambo mawili, na la pili ndilo zito. Kuhusu la kwanza, Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2011, iliyotangulia hii ya 2023, ilivitaka vyombo vya ulinzi na usalama viwe na orodha mbili: ya vitu vinavyonunuliwa kwa ushindani wa wazi, tuseme unga na magodoro, na ya vitu vyenye vizuizi, ambavyo kutangaza idadi na sifa zake ni kumpa adui taarifa bure. Kifaru, kwa asili yake, ni cha orodha ya pili. Isitoshe, watengenezaji wake ni wachache, na hawauzi nje bila kibali cha serikali zao.

Hata hivyo, kukosekana kwa tangazo hakumaanishi kukosekana kwa ushindani. Norway, kabla ya kutangaza Februari 2023 kwamba itanunua vifaru 54 vya Leopard 2A7 kutoka Ujerumani, ilivishindanisha kwanza na K2 vya Korea Kusini katika baridi na theluji yake yenyewe. Kwetu majaribio ya namna hiyo yangefaa kufanyika kwenye udongo mzito wa mbuga za Bahi wakati wa mvua, kwa sababu Leopard ya sasa ina uzito unaozidi tani 60, ilhali vifaru vya Kichina vya Type 59, ambavyo jeshi letu limekuwa navyo kwa miaka mingi, vina tani 36 hivi. Madereva wa malori wanaopita kwenye mizani wanajua kwamba kikomo cha barabara zetu ni tani 56, gari na mzigo wake kwa pamoja. Kwa kuwa minyororo huchimbua lami, nayo yenyewe huisha haraka, kifaru husafirishwa safari ndefu juu ya tela maalumu au behewa. Tela hilo, vipuri, makombora, karakana na mafunzo ya mafundi vyote huweza kuwamo ndani ya mkataba mmoja, na ndiyo maana kugawa thamani ya mkataba kwa idadi ya vifaru, kama magazeti yanavyopenda kufanya, hakukupi bei ya kifaru.

Mahali pa kutilia shaka, kwa maoni yangu, ni kwa dalali. Rada tuliyouziwa na BAE Systems ya Uingereza iligharimu takriban pauni milioni 28. Desemba 2010 kampuni hiyo ilitozwa faini mahakamani London baada ya kukiri kwamba haikuweka kumbukumbu sahihi za hesabu kuhusu malipo kwa mshauri wake wa masoko nchini Tanzania, na ikakubali kutoa pauni milioni 29.5 kwa manufaa ya Watanzania, fedha zilizoelekezwa kwenye vitabu na madawati. Unene wa deraya, yaani bamba linalokikinga kifaru, unaweza kubaki siri. Jina la wakala na kamisheni yake havina sababu ya kufichwa.

Wa kulihoji hilo wapo: Kamati ya Bunge ya Mambo ya Nje, Ulinzi na Usalama, na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu, ambaye mamlaka yake yanatokana na Ibara ya 143 ya Katiba. Fedha za jeshi lenyewe hupitishwa katika Fungu 38, Ngome. Ukifungua kitabu cha makadirio hutakuta humo neno kifaru, ila utakuta jumla iliyoombwa kwa ajili ya maendeleo. Ilinganishe na ya mwaka uliotangulia, kisha umuulize mbunge wako sababu ya tofauti utakayoiona.