Stendi ya vitafunwa: ipime ikiwa imeliwa nusu

Stendi ya ghorofa tatu iliyojazwa sambusa, katlesi na vileja hupendeza kwenye picha, na ikiwa imejaa pande zote mara nyingi husimama vizuri. Matatizo huanza wageni wakishaonja. Kwenye shughuli nyingi za huku Dar es Salaam, meza ya vitafunwa husukumwa hadi ukutani ili watu wapate nafasi ya kupita. Wageni huchukua vya mbele, vya nyuma vinabaki, na baada ya nusu saa uzito wote uko upande mmoja. Kisha anakuja mtu anayetaka katlesi za nyuma, anaizungusha stendi, na mzigo wote unamgeukia yeye.

Napika vitafunwa vya sendofu, kicheni pati na maulidi, na vyombo vya kupambia meza navikodisha mwenyewe. Kwa hiyo stendi ninazoziangalia ni nyingi, na kipimo changu cha kwanza si uzuri wala unene wa sahani. Nachukua chupa ya maji ya nusu lita. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo chupa hiyo ni nusu kilo pamoja na gramu chache za plastiki, na inapatikana duka lolote, hata ukiwa katikati ya Kariakoo. Naiweka ukingoni mwa sahani ya chini, stendi ikiwa tupu. Naihamishia sahani ya juu. Halafu naisukuma stendi kwa kidole kimoja pale juu kwenye kishikio. Ikiinua kitako, narudisha kwa muuzaji na kumshukuru. Wauzaji wengine hununa, lakini bora anune yeye kuliko mama wa bibi harusi.

Kinachoamua hapa ni upana wa kitako na uzito wa stendi yenyewe. Tuseme sahani ya chini ina kipenyo cha sentimita 27, na duara la chini linalogusa meza lina sentimita 16, yaani 8 kutoka katikati hadi ukingoni. Stendi nzima ya kauri ina kilo moja na nusu. Ukiweka mzigo sentimita 12 kutoka katikati, mzigo huo umetoka nje ya kitako kwa sentimita 4, wakati uzito wa stendi unavuta kurudi ukiwa sentimita 8 ndani. Nane ni mara mbili ya nne, kwa hiyo itahitaji mzigo mara mbili ya uzito wa stendi, kilo 3 za upande mmoja, ndipo ipinduke. Sasa chukua ile nyepesi ya gramu 800, kitako chake sentimita 10, sahani ileile. Hapo gramu 570 hivi zinatosha. Sambusa zangu zina gramu 45 kwa wastani, maana yake ni sambusa kumi na tatu tu zilizobaki upande wa nyuma huku kwingine kote kukiwa kweupe. Kumi na tatu si nyingi.

Miguu nayo ina mambo yake. Ya mitatu haichezi hata sakafu ikiwa na mabonde, ndiyo maana wapambaji wanaofanya kazi kwenye majani chini ya turubai huipenda. Ila ukiisukuma kuelekea uwazi ulio kati ya miguu miwili, hupinduka mapema. Mguu ukiwa sentimita 12 kutoka katikati, mstari unaounganisha miguu hiyo miwili, ambao ndio inaangukia, uko sentimita 6 tu kutoka katikati. Ya minne, kwa umbali uleule, inakupa sentimita 8 na nusu, lakini itacheza meza ikiwa haijanyooka. Mimi huchagua minne na kubeba vipande vya kadibodi vya kukunja chini ya mguu unaoning'inia.

Stendi zinazouzwa zaidi ni za sahani zilizotobolewa katikati na kupitishwa fito la chuma. Hapa ndipo penye mengi ya kukagua. Fito huwa limekatwa vipande vinavyofungwa kwa skrubu, na kila kiungo ni mahali pa kuchezacheza. Shika sahani ya chini kwa mkono mmoja, zungusha ya juu kwa mwingine. Ikizunguka peke yake, angalia kama kuna washa (vile vipete bapa) za mpira juu na chini ya kila sahani. Bila mpira, chuma hukaa moja kwa moja juu ya kauri, nati haikazi vizuri, na ukilazimisha kwa spana sahani inapasuka kuanzia kwenye tundu. Kaza kwa mkono, basi. Mpira ukikosekana, wauza vifaa vya bomba wanazo washa za saizi mbalimbali. Nenda na fito lako ukajaribishe palepale.

Kabla ya kulipa, fungua kila sahani na uigonge kwa kucha kama unavyogonga chungu sokoni. Nzima hulia, yenye ufa hutoa sauti iliyokufa. Angalia pia meno ya skrubu. Yakiwa yameanza kusagika dukani, nyumbani hayatapona.

Ubaya mwingine wa fito ni usafi. Makombo na maji hujificha chini ya washa, na kwa hewa yetu ya pwani yenye chumvi, chuma kilichopakwa rangi ya dhahabu huanza kutoa kutu pale rangi ilipokwanguliwa na nati. Lazima uifungue yote kila baada ya kazi, uioshe na kuikausha. Kwa nyumbani, pale wageni wanapokuja Idi na Krismasi, naipa alama 7 kati ya 10. Kwa biashara ni 5.

Stendi ninayoipa 9 ni fremu ya chuma inayobeba sahani za kawaida. Sahani ikivunjika unaweka nyingine, chakula hakigusi chuma, na kuosha ni kama kuosha vyombo vingine vyote. Afadhali zaidi uitengenezeshe. Mafundi wa kuchomelea wa Gerezani wanaifanya vizuri ukiwapa vipimo: nondo ya milimita 8, kitako kisichopungua upana wa sahani kubwa, na pete zenye ukingo wa kuzuia sahani isiteleze. Mwambie asage viungo vyote vilivyochomelewa, la sivyo vitakwaruza vitambaa vya meza. Alama moja nimeitoa kwa sababu haikunjiki, na kuibeba kwenye bajaji ni kazi.

Mbao inapendeza na ina uzito wake, lakini mafuta ya sambusa hayatoki. Iweke mikate na matunda, au tandika karatasi. Melamini, ile plastiki ngumu ya sahani, ni imara ikianguka, ila isipewe vitu vilivyotoka kwenye mafuta muda huohuo. Zaidi ya nyuzi 70 melamini huanza kuachia kemikali zake kwenye chakula. Acha vipoe kwenye chujio kwanza. Akriliki, ile plastiki inayong'aa kama kioo, ni nyepesi mno na hukwaruzika, ifae keki za kikombe tu. Kadibodi ni ya siku ya kuzaliwa ya mtoto, ikiisha unatupa.

Mpangilio nao husaidia hata stendi ya wastani. Vizito kama katlesi na kababu vikae chini, visheti na vileja juu. Usijaze kilima upande wa mbele kwa ajili ya mpiga picha. Ukumbi ukiruhusu, vuta meza kutoka ukutani kiasi cha mtu kupita, wageni watazunguka wenyewe. Isipowezekana, mpe kijana mmoja kazi ya kuhamisha vya nyuma kuja mbele kabla sahani haijafika nusu, na afanye hivyo akiwa ameshika kitako, si kishikio cha juu.