Alama ya kutoa inaposomwa vibaya: majibu kwa wasomaji wa Bukavu

Yaya, nilitaka kina cha Ziwa Kivu kiwe namba chanya. Katika lugha ya programu ya Haskell nikaandika abs -485 (abs huondoa alama ya hasi), lakini kompaila, yaani kitafsiri cha programu, ikakataa. Kwa nini? (Mwanafunzi, Kadutu)

Hesabu yako haina kosa, ila umekosa mabano. Haskell hupa funksheni thamani kwa kuiandika pembeni yake tu: abs 485. Ikikuta alama ya kutoa katikati, inasoma “abs kutoa 485”, na funksheni haitolewi namba. Andika abs (-485). Kuibananisha alama na namba hakusaidii, isipokuwa uwashe LexicalNegation, nyongeza ya lugha iliyokuja na kompaila ya Haskell iitwayo GHC, toleo la 9.0, mwaka 2021.

Mimi katika Haskell naandika -7 `mod` 3 (`mod` hutoa baki la kugawa) napata -1. Mwenzangu kaweka (-7) kwenye mabano, kapata 2. Nani yuko sahihi? (Ibanda)

Mwenzako, kama nia yenu ilikuwa kutafuta baki la hasi saba. Hapa ndipo ninapowasihi muwe macho kuliko pengine pote, maana kompaila hailalamiki hata kidogo. Kipaumbele cha `mod` ni 7, cha alama ya kutoa ni 6. Kwa hiyo 7 `mod` 3 hufanyika kwanza, inatoka 1, kisha ndiyo inageuzwa kuwa hasi. Anayehesabu siku za wiki kwa kurudi nyuma atapata jibu baya, na programu itaendelea kama kawaida. Weka mabano kila mara, hata pale unapohisi hayahitajiki.

Lugha ya OCaml je? (Nguba)

Mtego wa abs -485 ni uleule. Ila OCaml ina alama ya ziada, ~-, inayoshika namba kabla ya funksheni: abs ~-485 inakubalika.

Hakuna lugha iliyomaliza ugomvi huu? (Mwalimu wa hisabati, Bagira)

Ipo, Mwalimu. Standard ML huandika hasi kwa ~ na kuiachia - kazi ya kutoa peke yake: abs ~485. Kwangu huo ndio uamuzi safi kuliko yote. Gharama yake ni kwamba hata matokeo huchapishwa na ~, hivyo yabadilishe kabla ya kuyapeleka kwenye programu nyingine. Scheme nayo haina shida, kwa sababu kila wito umo ndani ya mabano yake: (abs -485).

Nataka kupunguza 1 kwa kila namba ya orodha. Mbona map (-1) [5,6] inakataa katika Haskell? (Kadutu)

Kwa sababu map hutaka funksheni ya kutumia kwa kila namba, na (-1) ni namba tayari. Tumia map (subtract 1) [5,6], utapata [4,5].