Hafungui kitabu mpaka nimsimamie

SWALI: Mwanangu yuko darasa la nne. Kusoma anajua, ila hagusi kitabu mpaka nimsimamie. Nifanyeje?

JIBU: Mama, acha kumsimamia. Nimefundisha kusoma miaka 19, na nimeona watoto wakichukia vitabu kwa sababu kila ukurasa ulifuatwa na maswali. Mwache achague mwenyewe, hata kama ni katuni, au kitabu, tuseme cha vyura, alichokwisha kukisoma mara tatu. Kurudia si uvivu, ndiko kunakompa wepesi. Akikwama kwenye maneno matano katika ukurasa mmoja, hicho bado kizito, mpe kingine.

Usiku msomee, ukomee palipo patamu, kisha kiache kitabu kitandani, taa ikiwaka. Binti yangu nilimkuta hivyo: yuko sura ya tatu, hata hakunisikia nikiingia.